Jina lilipobadilika: Namna ya kumtafuta jamaa aliyeasiliwa Taita Taveta

MTOTO anayechukuliwa na familia nyingine hupata wazazi wapya, makao mapya na mara nyingi jina jipya. Miaka hamsini baadaye, ndugu wa damu wanapoketi kugawana shamba la marehemu baba yao, ndipo swali linapozuka: yule mwenzetu aliyepelekwa kulelewa Voi yuko wapi, na siku hizi anaitwa nani?

Swali hilo si la udadisi tu. Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama huhesabiwa kisheria kuwa mtoto wa waliomwasili. Aliyelelewa kwa makubaliano ya wazee pekee, bila mahakama, hubaki mtoto wa waliomzaa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, humtambua kuwa mtoto wa marehemu mwanamume yule ambaye marehemu alimkubali na kumtunza kama wake.

Kwa hivyo, jambo la kwanza kubainisha ni aina ya malezi aliyopata. Katika vijiji vya Dawida, Sagalla na Kasigau, watoto wengi walilelewa na nyanya, mjomba au rafiki wa familia bila karatasi yoyote kuandikwa. Anayetafuta amri ya mahakama ambayo haikuwahi kutolewa atapoteza miaka bure.

Jambo la pili ni desturi ya majina. Mtaita wa kawaida huandikwa kwa jina lake na jina la baba yake, si jina la ukoo lisilobadilika. Tuseme Mwakio ni mwana wa Mwadime: ataandikwa Mwakio Mwadime, ilhali mwanawe ataishia na jina Mwakio. Hapo jina la mwisho limebadilika katika kizazi kimoja na hakuna aliyeasiliwa. Tofauti ya majina peke yake, basi, si ushahidi.

Tahajia nayo ina mitego yake. Sauti ya gh, iliyo ya kawaida katika Kidawida, mara nyingine iliandikwa g na makarani wageni, hata Mghanga akawa Mganga. Rekodi nyingi za kikoloni huita eneo lenyewe Teita, na Sagalla huweza kupatikana kama Sagala. Mtafutaji hana budi kuorodhesha kila namna ambayo jina lingeweza kuandikwa kabla ya kufungua faili ya kwanza.

<b>Vitabu vya kanisa</b>

Rekodi za zamani zaidi zenye majina ya watu binafsi aghalabu ni za makanisa. Mmisionari Joseph Wray wa shirika la Kianglikana la CMS alianza kazi Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892. Daftari la ubatizo kwa kawaida huonyesha jina la Kikristo, wazazi, wasimamizi na tarehe. Mtoto aliyeletwa na walezi huenda akaonekana humo akiwa bado na jina la baba mzazi.

Majanga nayo yaliwatawanya watu. Njaa ya mwaka 1884, ambayo Wataita waliiita Mwakisenge, iliua wengi, na zipo familia zilizowatoa watoto kwa majirani ili wapate chakula. Wengine walikimbilia misheni za Pwani. Frere Town, kijiji cha misheni karibu na Mombasa, kilikuwa pia makao ya watumwa waliokombolewa, ambao wengi wao walipewa majina mapya ya ubatizo. James Mbotela aliyaeleza maisha ya jamii hiyo katika kitabu chake <i>Uhuru wa Watumwa</i>, kilichochapishwa mwaka 1934.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwahamishia Malindi kwa nguvu wakazi wa Kasigau, wakiwashuku kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia ugenini. Walionusurika walirejea miaka ya 1930. Familia yenye asili ya Kasigau inayompoteza jamaa katika kipindi hicho haina budi kuutazama upande wa Malindi pia.

<b>Karatasi za serikali</b>

Kwa wanaume, kipande kilichoanza kutolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa na jina, kabila na mwajiri. Reli, mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta, na bandari ya Mombasa yaliwaajiri Wataita wengi. Vyeti vya kuzaliwa havisaidii sana kwa waliozaliwa zamani, kwani usajili wa Waafrika ulifanywa wa lazima kwa awamu kati ya 1963 na 1971.

Aliyebadilisha jina kwa hati ya kisheria hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo pia huchapisha maombi ya mirathi pamoja na majina ya marehemu na waombaji. Matoleo yake ya miaka mingi husomeka kwenye intaneti. Ripoti za wilaya za enzi ya ukoloni zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Walioasiliwa mahakamani huingizwa katika daftari maalumu la Msajili Mkuu. Hata hivyo, rekodi inayounganisha jina la kuzaliwa na jina jipya haifunguliwi kwa kila mtu. Hutakiwa amri ya mahakama. Mwombaji hushauriwa kupata wakili kwanza.

<b>Ushahidi wa wazee</b>

Penye kimya cha karatasi, husemwa na wazee. Wataita hujitambulisha kwa kichuku, yaani ukoo, na zamani mafuvu ya mababu yalihifadhiwa katika mapango ya kila ukoo. Mzee anayejua mlango wa ukoo, pango lake na mipaka ya shamba anaweza kumtambua mtu ambaye jina lake limebadilika mara mbili. Simulizi yake iandikwe, itiwe tarehe, kisha ilinganishwe na angalau rekodi moja. Mabishano yakizidi, mahakama inaweza kuagiza uchunguzi wa DNA.

Muda ni jambo la kuangaliwa. Msimamizi wa mirathi kwa kawaida huomba hati yake ithibitishwe baada ya miezi sita, na hati hiyo ikishathibitishwa, sheria hairuhusu tena ombi la mtegemezi aliyeachwa nje. Anayeshuku kuwa jamaa mmoja hajahesabiwa afike kwenye masjala ya mahakama mapema, hata kabla utafutaji haujakamilika.

Mwisho, anayetafutwa ana haki zake. Huenda hajui kuwa alilelewa na wasio wazazi wake, au anajua na hataki kurudi nyuma. Ni busara kumtuma mzee mmoja au kiongozi wa dini amwendee kwa faragha, badala ya kulitangaza jina lake barazani kwa chifu. Lengo ni kumrudisha ndugu nyumbani, na hilo halitimii akifedheheshwa mlangoni.