Vihenge vya Saskatchewan: Historia Fupi ya Ushirika wa Ngano, 1924–2007

Mwaka 1901 ngano ilistawi mno katika nyanda za magharibi ya Kanada, na reli ikashindwa kuibeba. Mabehewa ya kampuni ya Canadian Pacific hayakutosha, na yale machache yaliyofika vituoni yalipewa kwanza wenye vihenge. Mkulima aliyetaka kujipakilia ngano yake moja kwa moja kwenye behewa aliambiwa asubiri zamu. Alisubiri mpaka theluji ikaanguka na wadai wakaanza kubisha hodi, mwisho akaiuza kihengeni kwa bei aliyotajiwa.

Na bei ilikuwa nusu tu ya ugomvi. Karani wa kihenge ndiye aliyepima uzito, ndiye aliyetaja daraja, tena ndiye aliyekata fungu la magugu na vumbi. Msomaji aliyewahi kuuza viazi au mahindi kwa lumbesa hahitaji maelezo marefu hapa.

Mwishoni mwa mwaka huo wakulima wa mji mdogo wa Indian Head walianzisha chama cha kutetea haki zao, W. R. Motherwell akiwa mstari wa mbele. Mwaka uliofuata walimshtaki wakala wa reli wa kituo cha Sintaluta kwa kugawa mabehewa bila kufuata orodha ya maombi. Wakashinda. Hakuna aliyetegemea kampuni ile ingeangushwa na watu waliofika mahakamani kwa magari ya farasi, na ushindi huo uliwafundisha kwamba sheria nayo ni zana ya kilimo.

Kihenge chenyewe kilikuwa jengo la mbao, refu, la pembe nne, lililosimama kando ya reli. Mbao zililazwa bapa, moja juu ya nyingine, zikapigiliwa misumari kwa maelfu ili kuta zihimili msukumo wa nafaka. Gari la farasi lilipanda mteremko na kuingia ndani, likapimwa likiwa na mzigo, ngano ikamwagwa shimoni, gari likapimwa tena likiwa tupu. Kutoka shimoni, mkanda unaozunguka wenye vikombe uliziinua punje hadi kileleni, na huko juu mfereji ulizigawa kila daraja na chumba chake. Siku ya kupakia, karani alifungua tu mlango wa chini, ngano ikatiririka yenyewe hadi behewani. Ufundi wa kuinua nafaka kwa mvuke ulianzia Buffalo, jimbo la New York, mwanzoni mwa miaka ya 1840, kwa mfanyabiashara Joseph Dart na fundi wake Robert Dunbar. Huko nyandani vihenge vilipangwa kila kilomita 13 hadi 16 hivi, kwa sababu farasi aliyevuta ngano alipaswa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Miaka ya 1930 vilizidi 5,700 katika majimbo matatu ya nyanda hizo.

Wakulima walianza kuvimiliki kidogokidogo. E. A. Partridge wa Sintaluta alitumwa Winnipeg kuchungulia soko la nafaka, akarudi na hasira, na mwaka 1906 kampuni ya wakulima ya kuuza nafaka ikazaliwa. Mwaka 1911 ikaja kampuni ya ushirika ya vihenge ya Saskatchewan. Lakini hizi zilinunua na kuuza kama wafanyabiashara wengine, na bei iliendelea kupanda na kushuka sokoni. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika msimu wa 1919, serikali ilisimamia mauzo yenyewe, na wakulima wakaonja bei inayotabirika. Serikali ilipojitoa, bei ikaporomoka.

Ndipo akaja Aaron Sapiro, wakili kutoka California, msemaji wa kutoa nyoka pangoni. (Ndiye huyo aliyemshtaki Henry Ford kwa kashfa, na mwaka 1927 Ford akaomba radhi hadharani.) Mwaka 1923 alihutubia Saskatoon na kuwaambia wakulima wafunge mkataba wa miaka mitano: ngano yote ya mwanachama ipitie mikononi mwa ushirika, ikusanywe pamoja, iuzwe pamoja, kila mmoja apate wastani. Mkulima apewe malipo ya kwanza anapoleta ngano, kisha malipo ya pili, kisha ya mwisho hesabu zikifungwa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao nao walianzisha chama chao mwaka 1925, wanaujua utaratibu wa namna hiyo hata wakiwa usingizini.

Wanaharakati walikwenda shamba kwa shamba. Lengo lilikuwa nusu ya ardhi yote ya ngano jimboni. Lilikosekana kwa tarehe ya kwanza, likapatikana katikati ya 1924, na wakulima zaidi ya 40,000 wakawa wametia saini. Saskatchewan Wheat Pool ikaanza kazi, makao yake Regina, rais wake A. J. McPhail, mtu mkimya asiyependa jukwaa. Mwaka 1926 ilinunua kampuni ya 1911 pamoja na vihenge vyake zaidi ya 400, na muda si mrefu ikawa na zaidi ya 1,000. Jimbo liligawanywa katika wilaya 16, wajumbe wakachaguliwa na wanachama. Ushirika ukamiliki pia gazeti, Western Producer, ambalo ukurasa wake wa wanawake ulihaririwa na Violet McNaughton kwa robo karne.

Machapisho ya sherehe za ushirika husahau kwamba ardhi hiyo ya ngano iliingia mikononi mwa walowezi kwa mkataba wa 1874 uliotiwa saini Fort Qu'Appelle na watu wa Cree, Saulteaux na Assiniboine. Wenyeji waliolima ngano katika maeneo yao ya hifadhi hawakuruhusiwa kuiuza bila kibali cha afisa wa serikali. Karibu na Sintaluta, mji uliosifiwa kwa kudai haki ya mkulima, kulikuwa na wakulima waliohitaji karatasi ili wafike kihengeni. Karibu miaka mia moja baada ya mkataba huo, hadithi kama hiyo ilijirudia Tanzania: fedha na wataalamu wa Kanada walisaidia kufungua mashamba makubwa ya ngano Basotu, Hanang, na wafugaji Wabarbaig waliopoteza malisho wakaenda mahakamani.

Mwaka 1929 ushirika uliwalipa wanachama dola moja kwa busheli kama malipo ya kwanza. Soko likaanguka chini ya hapo na halikuinuka. Kufikia mwisho wa 1932 busheli haikufika hata senti 40 Winnipeg. Ushirika ulikuwa umelipa fedha usizokuwa nazo. Serikali ikaudhamini, ikachukua mauzo, na ushirika wa Saskatchewan ukabaki na deni la zaidi ya dola milioni 13. McPhail alifariki Oktoba 1931 akiwa na miaka 47. Lakini vihenge vilibaki mali ya wanachama, na kwa mapato ya vihenge hivyo deni lililipwa kwa karibu miaka 20. Kuuza ngano nje kukawa kazi ya bodi ya serikali, iliyoundwa 1935 na kupewa ukiritimba mwaka 1943.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ushirika huu uliuawa na nyakati. Ni kweli malori yalifupisha masafa, ni kweli nauli nafuu ya reli iliyotokana na makubaliano ya 1897 ilifutwa mwaka 1995, reli ndogo zikang'olewa na vihenge vya mbao vikabomolewa kupisha vya zege. Hayo yote ushirika ungeyamudu, kama ulivyomudu deni. Kilichokuwa kigumu ni wanachama waliozeeka: kila aliyestaafu alidai hisa zake kwa fedha taslimu. Wajumbe wenyewe wakapiga kura ya kwenda soko la hisa, na mwaka 1996 hisa zikauzwa Toronto. Fedha zilizoingia zilijenga vihenge vikubwa vingi kwa mkupuo, nyingine zikaenda mbali hadi bandari ya Gdansk, Poland. Madeni yakaja. Mwaka 2005 muundo wa ushirika ukafutwa na ikawa kampuni ya kawaida.

Mwaka 2007 kampuni hiyo ilimnunua mshindani wake Agricore United, aliyebeba ndani yake mabaki ya vyama dada vya Alberta na Manitoba, ikajiita Viterra. Glencore ya Uswisi ikainunua mwaka 2012, mwaka uleule bodi ya ngano ilipopoteza ukiritimba wake. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya bodi hiyo ikachukuliwa na ubia wa kampuni ya nafaka iitwayo Bunge na kampuni ya kilimo ya serikali ya Saudi Arabia, na mwaka 2025 Viterra yenyewe ikaingia chini ya Bunge.