Hospitali ya Bure na Boyi Asiyehesabiwa

Kinsevere iko kama kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi, na ukiwa njiani kwenda huko, taja tu ugonjwa mbele ya wazee. Hukawii kuambiwa kwamba zamani za Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi ya Wabelgiji, hospitali ilikuwa bure. Maneno hayo nimeyasikia matangani, nimeyasikia kwenye taksi, na wanayasema hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kampuni hiyo kutaifishwa mwaka 1967. Mimi huwa nauliza: bure kwa nani?

Swali hilo nilianza kuliuliza baada ya kusoma kijitabu ambacho hakipati heshima kinayostahili. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, aliandika historia ya mji huu wa Lubumbashi, zamani Élisabethville, kwa Kiswahili chetu cha Katanga na kuipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kilipigwa taipu, kikarudufishwa, kikapita mikononi mwa wachache. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 1990, Johannes Fabian alipokichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, akisaidiwa na Kalundi Mango. Historia hiyo imeandikwa kutoka jikoni. Na mtu akiutazama mji wa shaba kutoka jikoni, anaona jambo ambalo Mwana Shaba, gazeti la kampuni lililoanza mwaka 1957, halikuwa na haja ya kuliona: si kila mtu mweusi wa Élisabethville alikuwa mtu wa kampuni.

Wazee hawasemi uongo. Mfanyakazi aliyeishi kambini hakutoa faranga alipougua. Mke wake alijifungulia kwa mkunga wa kampuni, mtoto akapimwa uzito, akanyweshwa maziwa, na posho ilitolewa kwa kuhesabu mke na watoto. Lakini tuangalie hesabu yenyewe. Kampuni iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka kama 20 ilitegemea watu walioletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Walikufa kwa homa ya mapafu na kwa kuhara, na wengine wakatoroka. Kila aliyekufa au kutoroka ilibidi aletwe mwingine, na kumleta kuligharimu fedha. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1920 mabwana wakageuza mpango: mkataba wa miaka mitatu, mtu aje na mkewe, wazae hapahapa, na watoto wakue wawe wafanyakazi wa kesho.

Aliyeisimamia siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Mwaka 1946 aliieleza katika kitabu kizima, na humo Mwafrika ni mtoto anayehitaji baba. Wako wanaomsifu hadi leo kwa sababu vifo vilipungua, na kweli vilipungua. Mimi sina subira na sifa hizo. Fundi anayepaka mashine mafuta hafanyi hivyo kwa kuipenda mashine. Matibabu yalikuwa sehemu ya mshahara, iliyolipwa kwa dawa badala ya faranga, na mke na mtoto walitibiwa kwa jina la baba. Kazi ikikatika, jina linafutwa. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ametuonyesha vizuri jinsi kampuni ilivyogeuka baba na mama wa familia hizo, mpaka wana Shaba, yaani watu wa kampuni, wakajiona yatima ilipoanguka. Mbele ya Dibwe navua kofia, ila nakumbusha kwamba watoto hao waligoma mapema. Walikuwa na hospitali, na bado walidai mshahara. Tarehe 9 Desemba 1941 askari wa serikali waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Boyi, yaani mtumishi wa nyumbani, je? Hakuwa na kambi. Alikuwa na bwana mmoja, na bima yake ilikuwa huruma ya bwana huyo. Mchana alipika chakula na kubeba mtoto wa Mzungu mgongoni. Usiku, kama hakulala kwa bwana, alivuka ukanda mtupu uliotenga mji wa Wazungu na mitaa ya Weusi, uliochorwa kwa hoja ya afya: eti mbu wa malaria wasiruke kutoka kwetu kwenda kwao. Mikono iliyokanda mkate wao haikuonekana kuwa na hatari.

Miaka ya Zaire naipita haraka. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilirithi hospitali na desturi zake. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mishahara ikachelewa hata kwa miaka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaanza kuondolewa kwa fedha za Benki ya Dunia. Waliopokea fedha hizo waliipoteza na hospitali pia.

Leo shaba ya Kinsevere inachimbwa na kampuni ya MMG, iliyoununua mgodi huo mwaka 2012. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka kila mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake. Lakini mwajiri ni nani? Mwaka 2021 shirika la RAID lilichunguza migodi mitano mikubwa upande wa Kolwezi, likakuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa na wakandarasi. Boyi amerudi, safari hii amevaa helmeti.

Asiye na kampuni kabisa hununua glavu, sindano na uzi kabla hajashonwa jeraha, na ndugu husimama dirishani wakihesabu noti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza jinsi akina mama waliojifungua katika hospitali kubwa ya Lubumbashi walivyozuiliwa humo na watoto wao kwa sababu ya deni. Serikali ilitangaza uzazi wa bure mwaka 2023, ikaanza na Kinshasa.

Habari za wana Shaba zimekusanywa, na bado zinakusanywa. Za maboyi ni chache mno. Kama babu yako alifanya kazi jikoni kwa Wazungu wa Élisabethville, muulize bibi yako angali hai: babu alipougua alipelekwa wapi, na nani alilipa? Andika jibu lake kwa Kiswahili, kama Yav.