Mlima Wetu wa Mita 300

Wiki ya kwanza ya masomo ya uzamili tulitakiwa kila mmoja ajitambulishe na kutaja kwao. Mwenzetu wa Lushoto akaitaja Usambara. Wa Tukuyu akautaja Mlima Rungwe. Wa Marangu hakuhitaji kutaja kitu, alitabasamu tu tukaelewa. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi ni wa Pwani, lakini natoka milimani." Darasa zima likacheka. Mkoa wa Pwani nao una milima?

Unayo. Ukitoka katikati ya Dar es Salaam ukapita uwanja wa ndege, ukaiacha Gongo la Mboto, ukifika Pugu dereva anaanza kubadili gia. Huo ndio mlima wetu. Vilele vyake vinaishia kwenye mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, na najua kwamba Kilimanjaro ina 5,895. Huko juu ndipo ulipo mji wa Kisarawe, kwa bibi mzaa mama. Nchi hiyo ya miinuko inaendelea kaskazini-magharibi hadi Kibaha, na huko, katika kata ya Mkuza, ndiko nilikolelewa. Shule za msingi za jirani zilipofungwa, sisi wajukuu tulipelekwa Kisarawe, tukarudi na matope kwenye ndala na maneno ya Kizaramo mdomoni.

Nikiulizwa napenda nini kwetu, jibu la kwanza ni baridi. Si baridi ya Makambako, ni ile ya Julai alfajiri, inayomfanya bibi ajifunike kanga mbili na kuniambia, "Mke mwenza, koka moto." Jibu la pili ni usiku. Ukisimama pembeni ya mji ukatazama mashariki, unaziona taa za Dar es Salaam zimetandazwa chini kama dagaa juani. Utotoni niliamini jiji lile ni letu kwa sababu tulikuwa tunaliona lote kwa mara moja, jambo ambalo wenyewe wanaoishi ndani yake hawaliwezi.

Nilipoanza kusoma historia niligundua kwamba watu wengi walipanda mlima huu kwa sababu hiyohiyo: uko juu ya jiji, na uko karibu nalo. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga misheni Pugu. Haikudumu. Januari 1889, wakati watu wa pwani walipokuwa wakipigana na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki katika vita tunayoijua kwa jina la Abushiri, misheni ile ilivamiwa na kuchomwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakatekwa. Baadaye Walutheri wa Kijerumani walijenga vituo Kisarawe na Maneromango, Waanglikana wakaweka chuo chao Minaki, na Wakatoliki wakarudi Pugu na shule. Reli ya Kati nayo, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ilikutana na mlima wetu kabla ya mlima mwingine wowote.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mwalimu mmoja. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akaajiriwa kufundisha Pugu, katika Shule ya Mtakatifu Francis. Mwaka 1953 akachaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Mikutano ilifanyika mjini, mwalimu alikaa mlimani, na kati yake kuna kilomita 20 hivi. Inasimuliwa kwamba mara nyingi alikwenda kwa miguu. Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu ili ashughulikie chama peke yake. Shuleni kisa hiki tulifundishwa kama somo la kujituma. Mimi hukiwaza kwa miguu ya mtu wa kwetu. Kushuka si kazi. Kazi ni kurudi, usiku, umechoka kwa maneno ya mkutano, mwinuko wa Pugu unakusubiri mwishoni, na asubuhi kuna madaftari ya wanafunzi.

Hata mtu wa milima mirefu anaweza kukichagua kilima chetu. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuja kujenga shule zake Mkuza. Tulipokuwa wadogo tulishindana kukimbia njiani tukimwigiza, kila mmoja akidai Bayi ni yeye, na wa mwisho akilazimishwa kuwa John Walker wa New Zealand, aliyeshika nafasi ya pili siku ile.

Cha tatu ninachokipenda ni msitu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa pwani uliowahi kuwa mkubwa zaidi, na ndani yake imo miti ambayo wataalamu waliipa majina yanayotokana na kwetu: *Baphia puguensis*, *Millettia puguensis*. Siku niliposoma majina hayo maktabani nilijisikia kama mtu aliyekuta jina la mjomba wake gazetini. Karibu na hapo kuna mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini, na jioni popo hutoka humo kwa maelfu.

Lakini msitu huo ulikatwa sana. Jiji linapika kwa mkaa, na mlima ulikuwa karibu. Nakumbuka baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko waendeshaji, zikishuka kuelekea Gongo la Mboto breki zikilia. Waliokuwa wakiziendesha walikuwa watu wa kwetu pia, baba za wenzangu. Sikuwahi kujiuliza kinachobaki nyuma yao ni nini.

Jibu nililipata chuoni, kwenye ramani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita katikati ya Dar es Salaam na kuingia baharini Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 na ya Aprili 2018 yalipita katika bonde hilo. Jangwani, pale ilipojengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, ndipo mto huo hujitandaza mvua zikizidi. Mafuriko yana sababu nyingi: taka zilizoziba mifereji, nyumba zilizojengwa bondeni, mchanga uliochimbwa mtoni. Moja kati ya hizo iko kwetu juu. Kilima kikiwa na miti, maji ya mvua hunywewa na ardhi yakashuka polepole. Kikiwa kipara, yanakimbia na udongo wake.

Kwa hiyo maji ya kushuka hatukuwahi kuwanyima wa mjini. Hata maji ya kunywa tuliwapa: kabla ya Ruvu, jiji lilitegemea mtambo wa Mtoni, unaochota Mto Kizinga, ambao nao unatoka upande wetu. Mwaka 1959 ukaja mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi. Bomba lake linafuata Barabara ya Morogoro, linapita Kibaha na kuelekea Kimara. Wahandisi wana neno la ukanda wa ardhi unaoachwa wazi kupitishia bomba, reli au nyaya za umeme. Wanauita mkuza. Kila nikiliona neno hilo kwenye tangazo huwa nacheka peke yangu, maana ni jina la kata yetu, na ni maelezo mazuri ya maisha yetu. Vitu vinapita kwetu vikienda kwa wengine.

Bibi aliishi mjini Kisarawe, makao makuu ya wilaya, akiwa anayaona mataa ya jiji kila usiku, na maji akiyafuata bondeni. Mama yangu aliyabeba kichwani kabla ya shule. Mimi niliyabeba likizo, dumu la lita 10 kwa sababu la 20 lilikuwa la wakubwa. Njia ya kurudi ilikuwa mlima mtupu. Bibi alikuwa na sheria: maji ya kuoshea mchele yanaoshea vyombo, ya vyombo yanamwagiliwa mchicha. Kiangazi kikikaza alinunua kwa dumu kutoka kwa vijana wa mikokoteni, na hapo mchicha ulikosa zamu yake. Sikumsikia akilalamika. Alikuwa akisema tu, "Maji yanajua kushuka, kupanda hayajui."

Mwaka 2020 yalipanda. Mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa Juni mwaka huo na Rais Magufuli. Maji yaleyale ya Ruvu Juu, yaliyokuwa yakipita Kibaha kwa miaka 60 na ushei, yakageuzwa Kibamba na kusukumwa juu hadi Kisarawe. Maana yake ni kwamba maji anayokunywa bibi leo yanapita kwanza nyumbani kwetu. Nilipomweleza hivyo alifikiri kidogo, akasema, "Basi mnaniletea, tangu lini mmekuwa na adabu?"

Bomba liko uani kwake, hatua nane kutoka jikoni. Hata hivyo madumu yake sita bado yamepangwa ukutani, yamejaa, yamefunikwa. Binamu yangu mmoja alitaka kuyauza, bibi akamwambia bomba ni mgeni, na mgeni humwonyeshi njia ya kutokea wala humtegemei kwa chakula cha jioni. Na mchicha bado unakunywa maji ya vyombo.

Mimi sasa napanga chumba Kigogo, si mbali na bonde la Msimbazi, kwa sababu kodi yake naiweza. Wenzangu wa Lushoto na Marangu huniuliza kwa utani kama theluji imeanguka kwetu. Nawaambia bado. Nina mlima ambao faida yake naijua vizuri wakati wa masika, na hiyo ndiyo ya mwisho katika orodha ya vitu ninavyovipenda kwetu.

Masika iliyopita simu iliita saa kumi na moja alfajiri. Kigogo palikuwa pakavu, hata wingu hujui liko wapi. Ilikuwa sauti ya bibi, nyuma yake bati likipigwa kwa kishindo.

"Mke mwenza, umelala?"

"Nimelala, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huku inanyesha tangu saa nane, na haina dalili ya kuacha. Amka, toa vitabu vyako chini."

Niliamka, nikaviweka juu ya kabati. Kisha nikaenda kumgongea jirani.