Picha ni herufi kubwa

Wandugu, wengi wetu tulimaliza TFC tukipigana na picha. Unaongeza mstari mmoja tu, jani la muhogo lenye mozaiki linakimbilia chini ya paragrafu ya mahindi. Njo vile msomaji anajifunza ugonjwa wa mmea mwingine. Lakini vita hii ni ya zamani kuliko ordinateri.

Mwaka 1542, kule Basel, Leonhart Fuchs alichapisha kitabu cha mimea chenye picha zaidi ya 500. Hata mahindi imo, yeye aliiita ngano ya Waturuki! Picha zilichongwa juu ya mbao zenye kimo sawa na herufi za risasi, basi zote zilipita mu mashini moja, na wino moja. Kisha michoro ya shaba ikapendwa: mistari laini kabisa, ila wino inakaa ndani ya mikwaruzo, na inaomba mashini yake yenye kubana sana. Njo maana Encyclopédie ya Diderot ina vitabu 17 vya maandishi, na 11 vya picha vikiwa pembeni.

Mu Word, «Aligné sur le texte» ni ule ubao wa Fuchs: picha inakaa mu mstari kama herufi kubwa, maneno yakisogea nayo inasogea. Habillage zingine zinaiacha ielee, imefungwa na nanga kwa paragrafu yake, maneno yakiizunguka. Inapendeza kwa bango la semina. Kwa jani la mgonjwa, mimi nachagua ubao.