Skripti ya Mistari Miwili ya Kuhifadhi Nakala za Kompyuta

Hapa Laare, Meru, hesabu za miraa inayoshuka Mombasa naziweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Siku moja nilifuta folda ya madeni kwa bahati mbaya, na pipa la taka nikalimwaga. Sikushtuka, kwani kila jioni skripti yangu ilinakili kila kitu kwenye flashi. Kesho yake nikaifungua flashi: madeni hayapo.

Kosa ni langu. Kwenye amri ya robocopy niliweka /MIR. Hiyo huifanya flashi kuwa kioo cha kompyuta: ukifuta huku, na kule hufutika.

Ndugu msomaji, ukitumia Windows, fungua Notepad uandike:

set /p siku=Andika tarehe:
robocopy "C:\Hesabu" "E:\Nakala\%siku%" /E

Weka jina la folda yako na herufi ya flashi yako. Hifadhi kwa jina nakala.bat, ukichagua aina ya faili zote. Ukiibofya mara mbili utaulizwa tarehe. Andika mfano 14-03-2025, bila mkwaju, kwani haukubaliki katika jina la folda. Kila tarehe hupata folda yake, na /E hubeba folda zote za ndani.

Ukimaliza, chomoa flashi, virusi visiikute. Nakala nyingine iweke nyumba nyingine. Kila mwezi fungua faili mojawapo uhakikishe yasomeka.

Mimi ilinibidi niwaulize wadeni wenyewe, na si wote waliokumbuka.