Egesha gari, panda basi: Mpango unaoweza kuwafaa wageni wa Jinja na Mbale

Msimu wa sikukuu unapowadia, wageni humiminika Jinja kutazama chanzo cha mto Nile, na wengine huendelea hadi Mbale, chini ya mlima Elgon. Wanaosafiri kwa magari binafsi hutaka kufika nayo hadi mlangoni. Matokeo yake ni msongamano unaowachelewesha wageni wenyewe, wenyeji, na hata magari ya kubeba wagonjwa.

Njia mojawapo ya kupunguza adha hiyo ni kuegesha gari nje ya mji na kumalizia safari kwa basi.

Mpango huu hufanyaje kazi?

Mgeni huacha gari katika uwanja wenye ulinzi, kisha hupanda basi linalokwenda na kurudi siku nzima. Mji wa Oxford, Uingereza, umekuwa na huduma ya kudumu ya aina hii tangu 1973. St Ives, mji wa pwani wenye njia nyembamba, ulianza mwaka 1978. Wageni huegesha nje ya mji na kuingia kwa treni.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Anayekwenda Lamu kwa gari huliacha Mokowe, upande wa bara, na kuvuka kwa boti. Mji mkongwe wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vya watembea kwa miguu na punda. Utulivu huo ni sehemu ya kinachowavutia wageni.

Jinja: Malori na watalii njia moja

Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018 na kuupunguzia mzigo uvukaji wa zamani juu ya bwawa la Nalubaale. Hata hivyo, barabara hiyo ndiyo hiyo itumiwayo na malori yaendayo mipakani Malaba na Busia. Maegesho upande wa Njeru, kabla ya kuvuka mto, yangewawezesha wageni watokao Kampala kuingia Jinja kwa basi.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa kila gari dogo lina watu wawili, teksi moja ya abiria 14 huondoa barabarani magari saba.

Mbale: Siku chache zenye umati

Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaba hufungua msimu wa tohara ya Imbalu huko Mutoto, kandokando ya Mbale. Kwa siku kama hizo si lazima kujenga maegesho mapya. Viwanja vya shule vinaweza kutumika na mabasi kukodiwa. Anayekwenda maporomoko ya Sipi, wilayani Kapchorwa, naye angeweza kuacha gari Mbale na kuepuka kuendesha kwenye kona za mlimani asizozizoea.

Nini huamua mafanikio?

Mwenye gari huhofia mambo mawili: wizi na kusubiri. Teksi nyingi nchini Uganda huondoka zikishajaa. Aliyeacha gari lake hatakubali kukaa saa nzima juani, kwa hiyo basi la wageni sharti liondoke kwa saa iliyotangazwa, hata likiwa nusu tupu. Gharama ya viti vitupu inaweza kufidiwa na ada ya maegesho. Basi la mwisho nalo lisitangulie mwisho wa sherehe.

Madereva wa teksi na bodaboda wanahitaji kushirikishwa mapema. Wakipewa safari hizo fupi kwa nauli inayojulikana, watauona mpango kuwa riziki, si tishio.

Taarifa nayo humfaa msafiri kabla hajaondoka nyumbani. Tangazo la redio kwa Kiganda, Kisoga, Kimasaba na Kiswahili, lugha inayowafikia pia wageni watokao Kenya, lingetaja mambo manne: mahali pa kuegesha, ada, nauli na saa ya basi la mwisho.