Kuni za Moto wa Nyumbani Uchagani

Baridi ya Kilimanjaro twaijua sote. Katika nyumba za kale moto uliwaka ndani, na watu walilala karibu na mifugo yao, wapate joto. Kuni zilipangwa darini juu ya meko, zikakaushwa na moshi. Maana kuni mbichi joto lake huishia katika kukausha maji yake, nazo hutoa moshi uumizao macho na kifua. Lakini watu walipozidi, msitu ulipungua. Ndipo mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu, wenyeji wapate kuni, na msitu wa juu, uletao maji katika mifereji yetu, usalimike. Mizigo ile waliibeba mama zetu. Nasi tulioota moto ule tusisahau jasho lao.